Picha ya nyota: kabla ya kukuza, angalia stendi

Watu wengi huku Kigoma na kwingineko wanaamini ukitaka picha nzuri za nyota tafuta darubini inayokuza sana, ile boksi lake limeandikwa mara 600, unafunga kamera basi. Inaeleweka, maana ukiangalia boti ziwani kukuza kunasaidia kweli.

Ila angani kuna mpaka. Kipimo kinachotumika sana ni mara 2 kwa kila milimita ya upana wa lenzi ya mbele, so darubini ya milimita 60 inaishia kama mara 120, ukizidisha hapo picha inakuwa kubwa lakini ya giza na ukungu. Na vitu vingine wala sio vidogo, galaksi (kundi kubwa la nyota) ya Andromeda ni pana kama Mwezi tunaouona angani ukipangwa mara 6 hivi, shida yake ni mwanga hafifu, kwa hiyo kamera lazima ikusanye mwanga muda mrefu na huku dunia inazunguka nyuzi 15 kila saa, nyota zinageuka mistari. Ndo maana mi nasema hela nyingi iende kwenye stendi nzito yenye mota ya kufuata anga. Kwa Kigoma mhimili ambao stendi hiyo inauzungukia unaelekea kusini, umeinuka nyuzi 5 tu kutoka upeo wa macho, na stendi zingine hazishuki hadi hapo, uliza kabla hujalipa.

Jaribu mwenyewe: kamera kwenye stendi isiyosogea, sekunde 15 kwa lenzi ya milimita 18 (hapa ni urefu wa fokasi ulioandikwa kwenye lenzi, sio upana), halafu sekunde hizohizo kwa 200, kisha zumu picha zote mbili uangalie nyota za ipi zimechoreka mistari.