Nani ana zamu? Mtoto mchanga na dawati la mtandaoni

Nahariri habari za mtandaoni hapa Dar es Salaam na nina mtoto anayenyonya. Wenzangu wajawazito huniuliza ratiba yangu: nakamua maziwa saa ngapi, nani anabaki na mtoto. Hayo ni mepesi. Mama yangu yupo, dada wa kazi anakuja asubuhi, na maziwa yanakaa kwenye friji hadi siku 4, mradi kila chupa imeandikwa tarehe na saa.

Shida ni kwamba kazi yetu haifungwi. Wenzetu wa gazeti, ukurasa ukishaingia mtamboni umeingia. Kosa litasubiri masahihisho ya kesho. Sisi kichwa cha habari kinabadilishika hata saa 8 usiku, kwa hiyo yupo atakayeomba kibadilishwe saa 8 usiku. Atakuomba wewe, maana nywila unazo wewe, unajua chanzo kilisema nini, na WhatsApp inamwonyesha kuwa uko hewani. Kumbe ulikuwa unamnyonyesha mtoto tu, simu mkononi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Baba anapata siku 3, ambazo kwa kawaida huisha hata kitovu cha mtoto hakijadondoka. Ukirudi kazini, mwajiri anatakiwa akuruhusu kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Ni haki nzuri, ila imeandikwa kwa mtu anayetoka ofisini kazi ikabaki mezani. Yetu tunalala nayo chini ya mto.

Halafu kuna saa 2 nyingine. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2020 zilipunguza muda wa kuondoa maudhui yaliyokatazwa, baada ya kupewa taarifa, kutoka saa 12 hadi saa 2. Ndiyo maana mhariri anaogopa kuzima simu. Lazima apatikane mtu, lakini si lazima awe yule yule kila siku.

Kwetu kilichosaidia ni makabidhiano. Anayemaliza zamu anaandika ujumbe mmoja kwenye kundi, wa namna hii: "Saa 11 jioni. Ajali ya basi: idadi ya majeruhi ni ya polisi, msiipandishe kwa video za mitandaoni. Picha ya juu ni ya maktaba, ya mpiga picha wetu inakuja. Msemaji kaahidi kupiga. Akipiga, aya ya tatu ibadilike. Arifa imeshatumwa, msirudie." Tazama kilichomo: ni maamuzi, si muhtasari wa habari. Habari yenyewe mwenzako anaisoma mwenyewe; asichokijua ni kile ulichokwisha kukikataa na sababu yake.

Ujumbe huo hauna kazi kama mwenye zamu hana mamlaka. Aweze kubadilisha kichwa, hata kushusha habari, bila kunipigia. Wakubwa wengi hapa hugoma, na nadhani woga wao hauhusu ubora, wamezoea kuulizwa. Siku ya Simba na Yanga ni kasheshe nyingine: tunaandaa mapema habari tatu, ya kila upande kushinda na ya sare, na anayebaki kazini anajaza mabao na dakika. Mimi sihariri kwa dole gumba huku mtoto yuko kifuani. Simu yenyewe inageuza Kiswahili kuwa Kiingereza bila kuombwa.

Kwa mjamzito anayesoma hapa: sheria inataka umpe mwajiri taarifa ya likizo angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya kujifungua. Itumie miezi hiyo kuhamisha kurasa zote za ofisi zilizosajiliwa kwa laini yako binafsi. Ukurasa wa Facebook wa ofisi ukidai namba ya uthibitisho wakati uko leba, namba hiyo iingie kwenye simu ya dawati, na aliyeishika awe mwenye zamu.