Ukimvuta Farasi wa Mbio, Umemwambia Akimbie

Wiki hii tena nimepokea ujumbe: "Mwalimu, huyu farasi ni mkaidi sana, nitafutie lijamu kali zaidi," yaani ile chuma ya kinywani inayofungwa hatamu. Farasi mwenyewe katoka uwanja wa mbio wa Ngong, kauzwa bei ya kutupa kwa sababu hashindi, kaletwa huku Njoro mtoto wa shule ajifunzie kupanda. Kila akivutwa anaongeza mwendo, na wenyewe wanaapa ni ukaidi. Ukaidi wapi? Anafanya kazi aliyofundishwa, tena anaifanya vizuri kuliko ninyi mnavyofanya yenu.

Kule uwanjani joki, mpanda farasi wa mbio, hufupisha hatamu, husimama kwenye vikuku vya kukanyagia, huinamia shingo. Farasi naye huegemea lijamu na kukaza mwendo. Tangu akiwa na miaka 2 anajua hivyo: kinywa kikibanwa, kazi imeanza. Mbio zikiisha, joki huinuka na kumlegezea. Sasa mtazame mpanda mgeni akishikwa na woga: hufupisha hatamu, hubana magoti, hujikunja mbele. Kajigeuza joki bila kujua. Farasi anatii, halafu anachapwa kwa kutii.

Lijamu hukaa kwenye pengo kati ya meno ya mbele na magego. Pale ngozi ni nyembamba, na chini yake ni mfupa. Ukali ukizidi, kinachoongezeka ni maumivu tu, na farasi akiumia hukimbia. Wapo watakaosimama, kweli, kwa siku chache. Kisha watajifunza kurusha kichwa juu au kupitisha ulimi juu ya lijamu, nanyi mtanipigia simu mkitaka kali kuliko hiyo.

"Basi tulegeze?" Hapo ndipo subira huniisha, maana nikisema msivute, Jumamosi inayofuata nakuta hatamu zinaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Sikusema hivyo. Mvuto wenyewe haumfundishi farasi kitu. Anajifunza pale mvuto unapoondoka. Kaa wima, funga vidole, shusha pumzi, ngoja. Akipunguza hata nusu hatua, achia. Papo hapo, si baada ya kumgeukia mama yako uone kama amekuona. Ukichelewa kidogo tu, farasi ameshainua kichwa, na hicho kichwa cha juu ndicho utakuwa umemlipia. Tazama masikio: mara nyingi kabla hajapunguza, moja hugeuka nyuma kumsikiliza aliye juu. Mimi vidole vyangu huanza kulainika hapo. Saisi wetu, mtunza farasi, huliona sikio hilo kabla yangu, naye amesimama chini.

Meno, mgongo, kwato na tandiko vikaguliwe kwanza, hilo sirudii. Tumbo nalo: la farasi hutoa asidi usiku na mchana, awe anakula au hali, na farasi wa mbio aliyelishwa nafaka nyingi na nyasi kidogo mara nyingi huwa na vidonda. Mjazie nyasi za boma rhodes kabla ya kumpa jina baya. Na kama hatulii ukitaka kupanda, jueni joki hurushwa juu farasi akitembea. Nani alimfundisha kusimama?

Lakini kutenganisha mazoea na maumivu si kazi rahisi hivyo. Daktari wa mifugo anaweza kukagua asione kitu, nami nikafuata kila hatua, na bado farasi akachomoka akiona uwanja mpana. Watu husema mwache malishoni miezi kadhaa asahau mbio. Namwacha, kwa kuwa mwili unapona. Kwamba na kichwa kinasahau, sijaamini. Wengine nimewarudisha kwa wenyewe nikasema waziwazi: huyu si wa mtoto.

Kwa mpanda, dawa yangu haipendwi. Nampandisha farasi mzee mtulivu, nashika kamba ndefu, farasi anazunguka, hatamu nimezifunga shingoni. Mikono mitupu. Ndipo hugundua kwamba siku zote amekuwa akining'inia kwenye kinywa cha farasi asianguke. Wazazi hulalamika kwamba wamelipia masomo na mtoto hajagusa hatamu. Akiweza kwenda troti, ule mwendo wa kukimbia polepole, mizunguko kumi, mikono kiunoni, nitampa. Na lijamu itakuwa ileile ya kawaida.