Maji ya bomba yanaweza kurudi nyuma

Ni rahisi kuamini kuwa maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, hupita upande mmoja tu, kutoka bomba kuu kuja nyumbani. Sivyo. Wakati wa mgao, au bomba linapopasuka, presha hushuka, na mpira wa maji uliofungwa kwenye bomba na kuzamishwa kwenye ndoo ya maji ya sabuni unaweza kuyavuta hadi kwenye bomba la mtaa. Valvu ya kuzuia maji kurudi husaidia, ingawa mchanga huikwamisha ikabaki wazi. Kinga ya uhakika zaidi ni mdomo wa bomba kuwa juu ya ukingo wa simtanki, kwa nafasi isiyopungua mara mbili ya kipenyo cha mdomo huo. Ila fundi asiguse mita wala bomba la mamlaka bila idhini.