Chuma cha kuprinti kikitoka kwa mashine bado hakijaiva

Fundi wa jua kali pale Kibuye akitengeneza tindo anaichoma mpaka iwe nyekundu, anachovya ncha kwa maji, halafu haachi hapo, anairudisha kwa moto kidogo huku akiangalia rangi, ikifika manjano ya nyasi kavu anaitoa, manake akiiacha na ule ugumu wa maji itavunjika siku ya kwanza tu. Mimi nashughulika na vyuma vya kuprinti na kila tukikaa na vijana hapa Kisumu swali ni lile lile, mashine si imemaliza kazi, mbona mnaweka tena kwa fanesi, yaani tanuri?

Angalia vile printa ya leza inafanya. Inatandaza poda ya chuma tabaka jembamba kuliko unywele, leza inayeyusha panapotakikana, inatandaza ingine, hivyo mara maelfu. Kale kadimbwi ka chuma kanapoa kwa kasi ya nyuzi laki moja hadi milioni kwa sekunde! Kila tabaka likipoa linataka kusinyaa lakini la chini limelishika, kwa hivyo mvutano unabaki umefungiwa ndani. Wakati mmoja tukiwa na haraka tulikata kipande kutoka kwa bamba, lile kinaprintiwa juu yake, kabla ya kukipasha, kikajikunja hapo hapo tukitazama, kazi ya siku mbili ikaenda na bado inaniuma. Siku hizi bamba na kipande vinaingia fanesi pamoja, msumeno baadaye.

Sasa, moto hauna dawa moja. Titaniamu ile yenye alumini 6% na vanadiamu 4% inatoka ikiwa na nguvu sana lakini haivutiki, ndani imejaa visindano vidogo vidogo. Ukiipasha kama nyuzi 800 kwa masaa mawili inapoteza nguvu kidogo na inapata uvumilivu, lakini iwe ndani ya gesi ya agoni au vakyumu, ikivuta oksijeni inakuwa ya kuvunjika tena. Chuma cha marejing, chenye nikeli 18%, ni kinyume kabisa: nyuzi 490 kwa masaa sita na ugumu unapanda kutoka kama 35 kwa kipimo cha Rockwell C hadi zaidi ya 50.

Alumini ndio inawachanganya wengi. Ile yenye silikoni 10% ikitoka kwa printa silikoni imejisuka kama wavu mwembamba, na huo wavu ndio nguvu yake. Mtu anachukua masharti ya moto ya alumini ya kumwaga kwa kalibu, anaipasha zaidi ya nyuzi 500, wavu unakatika unakuwa vidonge, halafu anashangaa mbona kitu chake kimelegea kuliko kilivyotoka.

Na vitundu vya ndani moto peke yake hauvizibi, hapo unahitaji gesi ya kukandamiza kila upande, kwa titaniamu ni shinikizo la kama megapaskali 100 na moto wa nyuzi 920, na kitundu kilichofika nje hakizibiki hata hivyo.

Kwa hivyo ukileta kazi tuambie ni aloi gani, yaani mchanganyiko gani wa chuma, na itabeba mzigo gani, uache pia nyama kidogo ya kuchonga kwa leth manake kipande husogea kikipashwa. Tutaprinti vijiti viwili vitatu kwa bamba hilo hilo, vipate moto ule ule, na vijiti hivyo ndivyo tutavivuta mpaka vikatike mbele yako, uone nguvu yake.