Wakia ya uzito, wakia ya ujazo: namna ya kusoma lebo za Marekani

Kwenye rafu ya duka la Marekani, chupa ya asali imeandikwa 12 oz na kopo la soda limeandikwa 12 fl oz. Mgeni atadhani ni kiasi kimoja. Ile ya asali ni wakia ya uzito, gramu 340; ya soda ni wakia ya ujazo, mililita 355. Na kwa kuwa asali ni nzito kuliko maji, ukiimimina yote kwenye kikombe cha kupimia haifiki hata mililita 250. Herufi mbili tu, fl, ndizo zinazotenganisha.

Wakia na ratili si maneno mageni kwetu. Wazee wa pwani waliyapimia biashara kabla ya kilo kuenea. Ratili ni wakia 16, na tangu 1959 ratili ya Marekani imefafanuliwa kwa kilo: gramu 453.59237 kamili. Kwa hiyo hata Mmarekani asiyetaka kusikia habari za kilo anaitumia kila siku bila kujua.

Sheria haikukosekana. Vipimo vya metriki ni halali huko tangu 1866, na 1975 Rais Gerald Ford alitia saini sheria ya kuhamia metriki, ila kwa hiari. Hiari ndiyo iliyoleta mchanganyiko wa leo: maziwa kwa galoni, soda ya chupa kubwa kwa lita 2, mvinyo kwa mililita 750, na tairi moja lenye upana wa milimita na rimu ya inchi.

Nafuu ya mnunuzi ilikuja 1994, bidhaa nyingi za nyumbani zilizofungashwa zilipolazimika kubeba vipimo vyote viwili. Usijisumbue kuzidisha, tafuta g au mL kando ya oz, kisha linganisha bei kwa hiyo. Nyama na jibini zinazopimwa na duka lenyewe huweza kuandikwa lb, yaani ratili, peke yake. Hapo gawa kwa mbili, punguza sehemu ya kumi: ratili 3 ni kama kilo 1.35. Kwa kitoweo inatosha.

Kwa dawa ya mtoto makadirio hayo hayafai kabisa. Kifupi tsp ni kijiko cha chai, mililita 5. Tbsp ni kijiko cha mezani, mililita 15. Anayevichanganya anampa mtoto dozi mara tatu. Ndiyo maana 2015 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilitaka dozi za dawa za maji zitajwe kwa mililita tu. Vijiko vya jikoni navyo havilingani, hata vya seti moja wakati mwingine. Tumia bomba au kikombe kilichokuja na dawa, na kikipotea mwombe mfamasia kingine kabla ya kufungua chupa.