Swapu ya injini ni nini, na kwa nini Benz la zamani si mahali rahisi pa kuanzia

Simama nusu saa pale soko la Kisekka, Kampala, ukisubiri beringi au plagi, na lazima utalisikia neno swapu. "Hii Subaru nimeiswapu." "Mjomba, acha kuhangaika, swapu tu." Linatamkwa kirahisi, kama mtu anayezungumzia kubadilisha tairi. Mtoto wa jirani akishaona video ya dakika kumi kutoka Marekani anarudi nyumbani akiliangalia Benz la babu yake kwa jicho jingine. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na video haionyeshi kuundwa.

Swapu ni kuondoa injini ambayo gari lilitoka nayo kiwandani, kuweka injini ya aina nyingine, mara nyingi ya kampuni nyingine kabisa, kisha kulifanya gari liishi nayo. Kazi yote iko kwenye hicho kipande cha mwisho. Injini ikiwa imekaa ndani ya boneti na gari haliwaki, au linawaka lakini halipoi, au linapoa lakini milango haijifungi tena, hapo una injini iliyowekwa, swapu bado.

Watu huichanganya na mambo mawili. Ovaholi ni kuifungua injini ile ile, kuchonga bloku, kuweka pistoni, ringi na beringi mpya, na kuirudisha ilikotoka. Kubadili injini ni kutoa iliyokufa na kuweka pacha wake: kila boliti inakuta tundu lake, kila waya unakuta soketi yake. Swapu inafanana zaidi na kubebesha mche, ule utaratibu wa wakulima wa kufunga kikonyo cha embe la kisasa juu ya shina la embe la kienyeji. Kikonyo kinaweza kuwa kizima, shina likawa zima, na bado mti ukafa, kwa sababu ugonjwa uko pale palipofungwa.

Sasa kwa nini Benz? Kwa sababu ndilo gari la kifahari la zamani lililobaki kwenye nyua zetu. Afrika Mashariki ilishawapa wakubwa jina la Wabenzi, na magari yao yakaja kurithiwa na wajukuu. Aina ninayoizungumzia hapa ni W123, iliyotengenezwa kuanzia mwishoni mwa 1975 hadi mwanzoni mwa 1986, karibu magari milioni 2.7. Uganda haiingizi mengine: tangu 2018 sheria inakataza kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu liundwe. Yaliyopo ndiyo hayo hayo, na injini zake zimechoka kuliko mabati yake.

Langu ni la marehemu mjomba, Benz 200 la 1982, petroli, kabureta, nguvu za farasi 109 lilipokuwa changa. Lilipofika kwangu lilikuwa linakunywa oili kuliko petroli. Fundi wangu ni mwanajeshi mstaafu aliyetengeneza malori ya jeshi miaka mingi, na Kiswahili chetu ni kile cha kambini, kwa hiyo namwita Afande hata akiwa amelala chini ya gari na makalio yake tu yanaonekana. Yeye alitaka ovaholi. Mimi nilitaka swapu. Leo naweza kusema kwamba yeye ndiye aliyekuwa na hoja, lakini siku ile nilikuwa nimeshalipia injini.

Niliyoinunua ni 1JZ-GE ya Toyota Mark II: lita 2.5, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, farasi 200 kwenye karatasi. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo, ile feni inayosukumia hewa ndani, hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Ziandike 180 ukiwa muungwana. Sababu ya kuchagua Toyota ni ya watu wote: Mark II zilijaa nchini, fundi yeyote wa kando ya barabara anaijua injini hiyo, na ukiharibikiwa Masaka au Mbarara utapata sensa yake, kile kipimio cha umeme, kabla ya jioni. Kwa kabureta ya Benz ya 1982, utapata huruma.

Chumba cha injini cha W123 kilikuwa tayari kimepimwa kwa silinda sita za mstari, maana kiwanda chenyewe kiliziweka kwenye 250 na 280. Kwa urefu, basi, injini inaingia bila kugusa radieta. Tatizo linatokea chini na pembeni. Chini kuna sampu, lile bakuli la oili, ambalo lazima likwepe krosimemba, chuma kinachokatiza chini ya injini. Toyota walitengeneza sampu za maumbo tofauti kwa injini za familia hii, zingine kina chake kiko mbele, zingine nyuma zaidi, kulingana na gari. Usinunue kabla hujalala chini ya Benz lako na futi ya kupimia.

Pembeni kuna jambo ambalo video za Wamarekani hazitakuambia kwa sababu kwao halipo. Kwenye JZ, familia ya injini yangu, manifoldi ya ekzosi, yaani mabomba ya kutolea moshi, iko upande wa kulia. Wao wanaendesha usukani wa kushoto, kwa hiyo upande wa kulia kwao ni uwanja mtupu. Uganda usukani uko kulia, na stelingi boksi pamoja na ile rodi inayoshuka kutoka kwenye usukani viko hapo hapo panapotaka kupita bomba lenye moto. Siku tuliyoishusha injini kwa mara ya kwanza, bomba liligusana na stelingi boksi kabla hata mauntingi, ile mikono inayoshikilia injini, hazijakaribia mahali pake. Afande alikohoa, akawasha sigara, akaniuliza, "Kijana, unataka gari lipinde kona au lisipinde?" Manifoldi ikapelekwa kwa wachomeleaji wa mtaa wa Katwe, ikakatwa na kuchomelewa upya mara mbili, na hadi leo kuna bati la kukinga joto kati yake na boksi.

Kanuni moja iliyotuokoa ni kuchukua injini pamoja na giaboksi yake. Kuoanisha injini ya Japani na giaboksi ya Ujerumani kunahitaji sahani ya chuma iliyochongwa kwa usahihi ambao grainda haiwezi kuutoa. Ukichukua zote mbili, unabaki na propela tu, ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma: mbele ina flanji ya Toyota, nyuma ina ule mpira mnene wa Benz wenye matundu ya boliti, katikati panakatwa na kuchomelewa. Ikishachomelewa inapimwa ulinganifu kwenye mashine. Ukiruka hatua hiyo, ukifika kilomita 80 kwa saa utahisi kiti kinatetemeka kama boda iliyokatika spoku.

Afande alisema mapema, "Injini ni ya jioni moja, waya ni za mwezi." Nilidhani anatafuta pesa. Injini ya kisasa kidogo haifanyi kazi bila kontroli boksi yake, yaani kompyuta yake, na boksi haifanyi kazi bila kila sensa iliyoizoea. Benz la kabureta halina hata kimoja kati ya hivyo. Nunua vyote kutoka gari moja, yaani nozikati, ile sehemu ya mbele ya gari iliyokatwa Japani ikaletwa nzima, na ikiwa injini ni ya miaka ambayo ufunguo una chipu, chukua ufunguo na kitasa chake pia. Muuzaji wangu, ambaye sitamtaja, alikuwa na haraka ya kutoa injini, akakata fungu zima la waya shubiri moja kutoka kwenye boksi. Tulikaa wiki tatu tukiunganisha rangi na rangi, na Toyota hurudia rangi.

Ukipata fungu zima, habari ni njema kuliko inavyoonekana. Waya nyingi zinaanzia kwenye boksi na kuishia kwenye injini yenyewe, hazilihusu gari. Zinazopaswa kukutana na Benz ni chache: umeme wa kudumu kutoka betri, umeme wa swichi, stata, ethi, rilei ya pampu ya petroli, taa ya onyo, na nyingine mbili tatu. Bandika selotepu kwenye kila moja, andika, kisha piga picha.

Pampu ya petroli yenyewe lazima ibadilishwe. Ya kabureta inasukuma kwa unyonge, haifiki hata nusu ya baa moja, wakati sindano za Toyota zinataka karibu baa tatu, na bomba la kurudishia kwenye tangi. Mipira ya zamani ya kupitishia petroli itapasuka kwa presha hiyo. Badilisha yote, na uwe na mtungi wa kuzimia moto karibu. Hapa sitanii.

Na hapa ndipo gari la kifahari linapoachana na gari la kawaida. Kwenye pikapu, injini inazungusha magurudumu na altaneta, basi. Kwenye Benz lile, injini pia ndiyo mtumishi wa nyumba. Milango inayojifunga yote kwa ufunguo mmoja haitumii mota za umeme, inatumia mvuto wa hewa ambao mafundi huuita vakiumu, unaotoka kwenye injini kupitia vibomba vyembamba vya plastiki vyenye mistari ya rangi. Geji ya oili kwenye dashibodi haina waya, ina kibomba kinachopeleka oili yenyewe, ya moto, hadi nyuma ya geji. Kwenye W123 za dizeli hata kuzima injini kwa ufunguo ni kazi ya vakiumu. Ukikata kimoja bila kujua kinakwenda wapi, umekata starehe fulani ambayo mwenye gari alilipia mwaka 1982.

Sisi tulikumbuka bomba kubwa la sevo ya breki, kile kifaa kinachoongezea mguu nguvu, tukasahau vidogo. Injini ikawaka, watoto wa mtaa wakashangilia, lakini sailensi, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, ikawa juu na haitulii, inapanda na kushuka kama mtu anayepumua akiwa na homa. Siku mbili tulilaumu sensa. Kumbe ni kibomba cha unene wa mrija wa soda kilichokuwa wazi nyuma ya manifoldi ya kuingizia hewa, kinavuta hewa isiyopimwa. Afande akakiziba kwa kidole, injini ikatulia papo hapo. Tukakiunganisha na mtandao wa milango kupitia vali ya njia moja, na nikasikia ile sauti ya zamani, "tup", milango minne kwa pamoja. Mjomba alikuwa akiifunga hivyo kila jioni.

Kuhusu kufanya haya nyumbani: inawezekana, sisi tulifanyia uani, chini ya mfenesi. Ila cheni bloku haikufungwa kwenye tawi. Injini na giaboksi yake ni zaidi ya kilo 200, na tawi la mfenesi halitoi taarifa kabla ya kuvunjika. Tuliazima miguu mitatu ya mabomba ya chuma kutoka kwa mchomeleaji. Gari likae kwenye stendi, si juu ya jeki wala matofali. Radieta ya 200 haitoshi kwa foleni ya Jinja Road saa kumi na mbili jioni. Weka kubwa zaidi na feni ya umeme. Breki zilinifurahisha, kwa kuwa W123 zilitoka na diski magurudumu yote manne. Zilihitaji tu kufunguliwa, kusafishwa na kuwekewa mipira na pedi mpya.

Namba ya injini imeandikwa kwenye logbuku. Ukibadilisha injini, namba hiyo haifanani tena na iliyo ndani ya boneti, na siku ya kuuza gari, au siku askari akifungua boneti, utaulizwa. Dai risiti na karatasi za forodha kwa muuzaji kabla hujatoa pesa, halafu kaandikishe badiliko. Injini isiyo na karatasi huenda ilikuwa ndani ya gari la mtu wiki iliyopita.

Shauri langu kwa anayetaka kuanza: usikate bodi. Mauntingi zifungwe kwa boliti kwenye matundu yaliyopo, ukuta wa mbele ya miguu ya dereva usipigwe nyundo, na injini ya zamani ipakwe grisi ifunikwe kwa turubai kwenye kona. Mwenye W123 ya 280 inayowaka vizuri asiguse kitu kabisa. Anacho tayari kile ninachokitafuta mimi.

Yangu inatembea, miezi minane sasa. Kilichobaki ni mshale wa mwendo. Benz linauendesha kwa kebo inayozunguka kutoka kwenye giaboksi, na giaboksi ya Toyota niliyonayo inatoa mapigo ya umeme. Mshale umelala kwenye sifuri, nami naendesha nikiwa nimeegemeza simu kwenye dashibodi isome kasi kwa setilaiti. Afande anasema anamjua mtu mtaa wa Ndeeba mwenye kikasha cha kubadili mapigo yawe mzunguko. Amesema hivyo tangu Pasaka.