Hesabu za nusu mwaka za kundi la kampuni, na IFRS 18 inapoingilia

Wengi wanaoingoja IFRS 18, kanuni mpya ya kimataifa ya kupanga taarifa ya faida na hasara, wanaiwazia ripoti ya mwaka 2027. Ukweli ni kwamba kampuni inayofunga hesabu Desemba 31 itakutana nayo mapema zaidi, kwenye hesabu za Juni 30, 2027, ambazo kwa kawaida hazikaguliwi na huandaliwa mbiombio na watu wachache. Safaricom, wanaofunga Machi 31, wasipoianza mapema, hesabu zao za kwanza chini yake zitakuwa za Septemba 30, 2027. EABL, kampuni ya bia inayofunga Juni 30, wana mpaka Desemba mwaka huo.

Kanuni ya kimataifa ya hesabu za kipindi, yaani za sehemu ya mwaka, ni IAS 34. Mizania ya Juni 30 hulinganishwa na ile ya Desemba 31 iliyopita, lakini faida ya miezi 6 hulinganishwa na miezi 6 ya mwaka uliopita, na mtiririko wa fedha vivyo hivyo. Hapo tu watu hukosea: wanaweka mizania ya Juni kwa Juni kwa sababu jedwali la Eksel limenakiliwa safu kwa safu.

Kazi ngumu iko kwenye kufuta miamala ya ndani ya kundi. Chukua kampuni mama ya Nairobi iliyoiuzia tanzu yake (kampuni inayoimiliki) ya Dar es Salaam bidhaa kwa shilingi milioni 100 za Kenya, zilizoigharimu milioni 80. Juni 30, asilimia 30 ya bidhaa hizo bado ziko ghalani Dar. Mauzo yote ya milioni 100 yanafutwa dhidi ya gharama za ununuzi, kisha faida ya milioni 6 ambayo bado haijapatikana nje ya kundi inaondolewa kwenye faida na kwenye thamani ya bidhaa. Kodi iliyoahirishwa juu yake, yaani athari ya kodi itakayotimia bidhaa zikiuzwa nje, hupigwa kwa kiwango cha mnunuzi: Tanzania asilimia 30, yaani milioni 1.8. Kama muuzaji angekuwa tanzu, wanahisa wa nje wa tanzu hiyo nao wangebeba sehemu yao ya makato.

Salio za pande mbili mara nyingi hazikubaliani, na kisa kikubwa si wizi. Mama ametoa ankara ya ada ya usimamizi kwa jumla yake, tanzu imeandika deni baada ya kukata kodi ya zuio, ile anayoikata mlipaji na kuipeleka serikalini. Au mzigo bado uko njiani, mmoja ameshauandika na mwenzake hajauandika. Ushauri wangu ni tanzu zilinganishe madai na madeni haya tarehe 20 hivi ya Juni, ili wiki ya kufunga wabaki na tofauti za siku chache tu. Tofauti iliyoachwa ikazibwa kwa akaunti ya muda hurudi Desemba ikiwa kubwa zaidi, na aliyejua chanzo chake ameshahama kazi.

Kwenye kubadilisha hesabu za tanzu ya nje kuwa sarafu ya kundi, mali na madeni huchukua kiwango cha siku ya kufunga, mapato na gharama huchukua kiwango cha siku ya muamala au wastani unaokikaribia. Wastani mmoja wa miezi 6 haufai pale sarafu inapoyumba. Januari 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160 za Kenya, na mwisho wa Machi ilishuka hadi karibu 130. Mauzo ya dola ya Januari yaliyobadilishwa kwa wastani wa nusu mwaka yanatoka pungufu kwa kundi linaloripoti kwa shilingi. Tumia wastani wa kila mwezi, ujumlishe. Na usisahau mkopo wa mama kwa tanzu: deni linafutwa, ila faida au hasara ya sarafu inabaki kwenye matokeo ya kundi, isipokuwa mkopo huo haukupangwa wala hautarajiwi kulipwa katika siku za usoni zinazoonekana na umehesabiwa kama sehemu ya uwekezaji.

Kodi ndiyo inayowashangaza wakurugenzi. Huzidishi faida ya nusu mwaka kwa asilimia 30. Unakadiria mwaka mzima, kwa mfano: faida milioni 400, kodi milioni 128 baada ya gharama zisizokubalika kikodi, kiwango asilimia 32. Faida ya nusu mwaka ikiwa milioni 250, kodi ni milioni 80. Kila nchi na kiwango chake pale inapowezekana, maana Rwanda ni asilimia 28.

Sasa mabadiliko. Kupunguza umri wa mashine kutoka miaka 10 hadi 8 ni makadirio: unaanzia leo, ya nyuma huyagusi. Kubadili sera ya uhasibu kwa hiari ni jambo jingine. Ukiibadili robo ya tatu, robo mbili za mwanzo za mwaka huo nazo unaziandika upya, kwa sababu mwaka mmoja hauwezi kuwa na sera mbili.

IFRS 18 haibadilishi faida halisi, inaipanga upya. Mapato na gharama zinaingia kwenye uendeshaji, uwekezaji, ufadhili, kodi au shughuli zilizositishwa, na faida ya uendeshaji inakuwa jumla ya lazima. Hesabu za nusu mwaka za kwanza lazima zionyeshe jumla hizo pamoja na upatanisho wa takwimu za Januari hadi Juni 2026, mstari kwa mstari, na zilizochapishwa awali. Hapo leja ndiyo inayokwamisha. Makampuni mengi yana akaunti moja ya tofauti za sarafu, wakati tofauti ya wadaiwa wa biashara inakwenda uendeshaji na ya mkopo wa benki inakwenda ufadhili. Usipozitenganisha wakati wa kuandika, utachambua maelfu ya miamala kwa mkono.

Kuna na mtego wa kundi. Tanzu inayokopesha wateja huweka riba yake kwenye uendeshaji katika vitabu vyake. Kama ukopeshaji si shughuli kuu ya kundi zima, riba hiyo hiyo inahamia uwekezaji kwenye hesabu jumuishi za kundi, kwa hiyo fomu ya kukusanya takwimu inahitaji safu mbili. Na kama taarifa kwa vyombo vya habari inataja faida "iliyorekebishwa", kipimo hicho huenda kikahitaji maelezo na upatanisho ndani ya hesabu za nusu mwaka zenyewe, pamoja na athari ya kodi na ya wanahisa wa nje kwa kila rekebisho. Idara ya mawasiliano ipewe habari hiyo kabla haijaandika rasimu.